Kalamu ya Mtoro, Jina la Velten

Mwaka 1903 kampuni ya Vandenhoeck & Ruprecht ya mjini Göttingen, Ujerumani, ilitoa kitabu kinene cha Kiswahili kilichoitwa Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna karibu kila jambo ambalo mtu wa Bagamoyo wa miaka ile angependa mgeni alijue, na mengine ambayo huenda asingependa: uzazi, jando na unyago, chuo, harusi, ngoma za pepo, heshima za majumbe, hukumu za madeni, uwindaji, utumwa, safari za bara. Jina lililowekwa kwenye jalada lilikuwa la C. Velten. Miaka 78 ikapita. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha California kilipochapisha tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho, jalada likamtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, pamoja na "Waswahili wengine". Kitabu ni kilekile, mwenye nacho kabadilika.

Kisa hiki cha majalada mawili ni njia nzuri ya kuingilia shughuli ya kuwatafuta waandishi wa zamani wa Mrima, ile pwani inayoanzia kaskazini ya Dar es Salaam ikapita Bagamoyo, Saadani na Pangani mpaka Tanga. Wengi hudhani kwamba watu wa huko hawakuandika, au kwamba walichoandika kimeliwa na mchwa. Mchwa wamekula, hilo halina ubishi. Lakini kilichosalia ni kingi kuliko watu wanavyofikiri, na shida yake kubwa ni kwamba kimelala mbali, na mara nyingi kimelala chini ya jina la mtu mwingine. Anayekitafuta hana budi kuuliza kila mara: nani alisema, nani aliandika, nani alinakili, nani aligeuza hati, nani alipeleka kiwandani?

Mtoro alizaliwa Dunda, jirani na mji wa Bagamoyo, kiasi cha mwaka 1869, mtu wa asili ya Kizaramo aliyekulia katika Uislamu na elimu ya chuo cha Kurani. Bagamoyo ya utoto wake ilikuwa mlango wa bara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka kwa maelfu kila msimu wakiwa na pembe mabegani, wakapanda tena na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mji uliokuwa na biashara ya namna hiyo haukuweza kukosa karatasi. Mwenye msafara alikopa mali kwa mfanyabiashara wa Kihindi na deni likaandikwa. Jumbe alimwandikia barua mwenzake. Mwalimu wa chuo alinakili maulidi. Mganga aliandika hirizi. Hati ilikuwa ya Kiarabu na lugha ilikuwa Kiarabu au Kiswahili kulingana na jambo lenyewe. Kwa hiyo Mtoro hakufundishwa kuandika na Mzungu. Alipokutana na Wajerumani alikuwa mwanachuo tayari.

Carl Velten kwa upande wake alikuwa mkalimani wa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1893 hadi 1896. Kutoka hapo alirudi Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887 ili kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakielekea Asia na Afrika. Chuo hicho kilikuwa na mwalimu wa Kijerumani wa kueleza sarufi na msaidizi mwenye lugha wa kuisema. Kabla ya Velten, mwalimu alikuwa Carl Büttner, na miongoni mwa wasaidizi wa mwanzo alikuwamo Amur bin Nasur kutoka Unguja, ambaye naye habari zake zilichapwa na Büttner mwaka 1894 katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili. Huo ndio uliokuwa mtindo wa Berlin: msaidizi alitakiwa asimulie au aandike maisha yake, safari zake na mila za kwao, na maandishi hayo yakawa somo la kusomea darasani. Ofisa aliyekuwa akijiandaa kwenda kutoza kodi ya kibanda alijifunza Kiswahili kwa kusoma jinsi Waswahili wanavyooa na kuzika.

Velten alikuwa hodari wa kuwafanya watu waandike, na haki yake apewe. Mwaka 1901 alitoa Safari za Wasuaheli, mkusanyo ambao hadi leo haujapata mwenzake. Humo mna Sleman bin Mwenye Tshande (ndivyo Mjerumani alivyoliandika jina ambalo Mswahili angeliandika Selemani bin Mwinyi Chande) akisimulia safari ya biashara ya bara. Mna Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Dk. Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akatazama theluji na Warusi kwa jicho lilelile ambalo Wazungu walizoea kuwatazamia watu wa pwani. Na mna Mtoro mwenyewe, akieleza safari yake ya Udoe mpaka Uzigua na mila za Wadoe. Hapa jina lake lipo. Kwa maneno mengine, miaka miwili kabla ya Desturi, msomaji wa Berlin alikwisha kumfahamu Mtoro kama mwandishi. Ni katika kitabu kikubwa, kile chenye manufaa zaidi kwa serikali, ndipo alipoteremshwa akawa mtoa habari.

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kuwa msaidizi wa kufundisha. Yaliyomkuta huko ndiyo yaliyomwachia mtafiti wa leo karatasi zilizo bora kuliko zote, na zilimgharimu. Aliwafundisha wanaume waliokuwa wakienda kutawala kwao, na baadhi yao hawakukubali kumheshimu mtu mweusi kama mwalimu. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Berlin. Mwaka 1905 kazi ya chuoni ikakatika, na mume na mke wakapanda meli kuelekea Afrika Mashariki. Serikali ya koloni haikutaka kumwona Mwafrika akitembea Bagamoyo na mke wa Kizungu. Hawakuruhusiwa kuingia, wakarudishwa Ujerumani. Mtu akiyatazama mambo haya kwa mbali, ataona kichekesho kikavu: aliyewaandikia Wajerumani kitabu kizima juu ya taratibu za ndoa za pwani alizuiwa kukanyaga pwani kwa sababu ya ndoa.

Hakunyamaza. Aliandika malalamiko, akadai haki yake, na wakubwa wakaandikiana kuhusu yeye, kila mmoja akiweka nakala. Majalada ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yapo leo katika Nyaraka za Shirikisho mjini Berlin, na humo ndimo Mtoro anamosikika akiwa hana Velten wa kumpangilia sentensi. Katika Desturi anazungumza kama mji: tunafanya hivi, zamani ilikuwa hivi. Katika malalamiko anazungumza kama Mtoro. Mwanahistoria Ludger Wimmelbücker alizipitia nyaraka za maisha hayo, na kitabu chake juu ya Mtoro kilichapishwa mwaka 2009 na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kuanzia 1909 Mtoro alifanya kazi Hamburg chini ya Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, kisha akawa akizunguka miji ya Ujerumani kutoa mihadhara. Alifariki mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Ni vyema kumlinganisha na mtu ambaye karatasi zake hazikuhangaika. Ralph Waldo Emerson, mwandishi wa insha na mshairi aliyeishi Concord, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alijaza daftari baada ya daftari tangu ujana hadi kufa kwake mwaka 1882. Familia ilizitunza, zikaingia maktaba ya Houghton katika Chuo Kikuu cha Harvard, chuo alichosoma yeye mwenyewe, na chapa ya chuo hicho ikazitoa kwa juzuu 16 kati ya 1960 na 1982, ikionyesha hata maneno aliyoyafuta. Mwanafunzi anayetaka kujua fulani alilisema lini na alilisema vipi hana safari ndefu. Nyumba, kaburi, daftari na chuo vyote vimo katika jimbo moja.

Jimbo hilohilo, ajabu, limeweka pia karatasi za pwani yetu. Emerson alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1836. Mwaka uliofuata Richard Waters wa Salem, mji wa bandari usio mbali na Concord, aliteremka Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said ulikuwa umetiwa saini mwaka 1833. Nguo nyeupe zilizofumwa katika viwanda vya Marekani zikawa fedha ya msafara, na jina la merikani likabaki midomoni mwa watu hadi leo. Pembe zikaenda upande wa pili, na sehemu yake ikaishia Connecticut kutengenezwa vibonye vya piano. Manahodha na wafanyabiashara wa Salem waliandika barua, wakaweka daftari za safari, na maandishi yao yakahifadhiwa na makumbusho ya mji wao. Wanahistoria Norman Bennett na George Brooks wakatoa mkusanyo mkubwa wa nyaraka hizo mwaka 1965. Mnunuzi wa pembe ana barua yake sandukuni. Mpagazi aliyeibeba pembe ile kutoka Tabora ana Mtoro tu, pale anapoeleza wapagazi wanavyoajiriwa, wanavyoimba, na wanavyopokewa wakiingia mjini.

Karatasi za pwani kuhama si jambo la juzi. Baadhi ya barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, ziko Goa, India, kwa kuwa zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na makao ya utawala wao yalikuwa Goa. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya nyaraka, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtafutaji wa Mrima hulazimika kuanza kwa kuuliza waandishi hawa walikuwa wakimwandikia nani.

Hapo ndipo linapoingia suala la hati, na linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu wengi hulipita wakidhani ni la wataalamu tu. Kiswahili cha hati ya Kiarabu, jinsi kilivyoandikwa na watu wa kawaida, hakikuwa na herufi za sauti zote. Ba moja iliweza kusomwa b, p, mb au mp. Fa iliweza kuwa f au v. Irabu i na e ziliandikwa sawa, vivyo hivyo u na o. Msomaji wa mji uleule, wa lahaja ileile, hakupata tabu, kwa kuwa alijua kinachosemwa kabla hajakifikia. Msomaji wa mbali alikisia. Maandishi yalipogeuzwa kuwa ya Kirumi, makisio hayo yakawa chapa, na chapa ikawa ushahidi. Juu ya hayo Velten aliandika kwa masikio ya Kijerumani. Lahaja za Mrima zilipopita katika chujio la aina hii zilitoka zimenyooshwa, na si rahisi kusema kipi cha Bagamoyo na kipi cha darasa la Berlin.

Kuna chombo cha kupimia, na kwa bahati kilitengenezwa Bagamoyo kwenyewe. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni yao huko mwaka 1868. Padri Charles Sacleux alifika pwani mwaka 1879, akakaa miaka mingi akiokota maneno kwa subira ya mvuvi, akaandika sarufi ya lahaja za Kiswahili iliyotoka 1909 na, uzeeni, kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa Paris kati ya 1939 na 1941. Kamusi hiyo hubainisha neno ni la wapi. Anayeshuku neno katika Desturi anaweza kumwuliza Sacleux kama watu wa Mrima walilitamka hivyo. Misheni nayo iliweka kitabu cha matukio ya kila siku kwa Kifaransa, na kumbukumbu za shirika zimehifadhiwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Steven Fabian, aliyeandika historia ya utambulisho wa watu wa Bagamoyo iliyotoka 2019, ni mmoja wa waliozitumia nyaraka za aina hii ili kuwaona wenyeji wa mji wakigombea nafasi yao mbele ya sultani, mabwana wa Kijerumani na wageni wa bara.

Misheni hiyo ilikuwa pia shahidi wa vita. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitwaa forodha za pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa, ikapandisha bendera yake, na muda si mrefu pwani ikawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza mapambano kutokea Pangani. Bwana Heri akashika Saadani. Bagamoyo ikazingirwa, watu kwa maelfu wakakimbilia kwa mapadri. Mei 1889 kamanda wa Kijerumani Hermann Wissmann akaivunja ngome ya Abushiri karibu na mji, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani. Bwana Heri aliendelea hadi 1890.

Vita hivyo vina wino mwingi wa Kijerumani: ripoti za Wissmann, tarehe, idadi ya risasi, ramani. Upande wa pili kuna mtu mmoja na utenzi mmoja. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, wa ukoo wa wanazuoni wa Tanga, aliyaweka mambo hayo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na kichwa chake kina mwaka kama hati ya mahakama: 1307, wa Hijria. Mwaka huo ulianza mwishoni mwa Agosti 1889, kwa hiyo kifo cha Abushiri kimo ndani yake. Wapo wanahistoria wanaosita mbele ya utenzi kwa kuwa una vina na mizani, kana kwamba ripoti ya kijeshi haina mapambo yake. Kusita huko hakuna msingi mkubwa. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 juu ya Pangani na vita hivyo, ameonyesha kwamba ugomvi wa 1888 hauwezi kueleweka bila kujua majumbe, vijana wa mjini, watumwa na Waarabu walikuwa wakigombania nini wao kwa wao kabla Mjerumani hajafika. Mambo ya namna hiyo hayamo katika ramani za Wissmann.

Utenzi wa Hemedi haukufika mikononi mwetu peke yake. Aliyeuchapisha kwa hati ya Kirumi pamoja na tafsiri ni J. W. T. Allen, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika na kuyapenda maandishi ya pwani kupita kiasi cha kazi yake. Toleo la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ni la 1960. Mwaka 1961 ukafuata utenzi mwingine wa Hemedi, wa Abdirrahmani na Sufiyani, ambao tafsiri yake ilikuwa ya Roland Allen, baba yake, mchungaji maarufu aliyejifunza Kiswahili katika uzee wake na kufariki Nairobi mwaka 1947. Baba mchungaji wa Kianglikana akikesha na utenzi wa Kiislamu wa mwanazuoni wa Tanga: picha hiyo inafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kila mkusanyaji alikuwa Velten.

Allen alifanya jingine lenye faida kubwa zaidi, ingawa halitajwi sana. Katika miaka ya 1960 alizunguka pwani akitafuta miswada ya Kiswahili na Kiarabu majumbani, ikakusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kanda za sauti. Orodha yake ilichapwa Leiden, Uholanzi, na kampuni ya Brill, mwaka 1970. Hii ina maana kwamba kuna sehemu moja, umbali wa saa chache kwa basi kutoka Bagamoyo, ambako maandishi ya pwani yalikusanywa yakiwa bado na uhusiano na nyumba zilizoyatoa. Na ni Allen huyohuyo aliyeifasiri Desturi na kumrudishia Mtoro jina. Hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Alifariki 1979, wenzake wakaimalizia.

Si wote walioacha mzigo wao karibu hivyo. Ernst Dammann alikuwa Tanga katika miaka ya 1930 kama mmisionari, na 1936 alikuwa Lamu akikusanya tenzi na mashairi. Alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi, na alikuwa pia mmoja wa watu waliojua ushairi wa Kiswahili kuliko wengi wa zama zake. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na anayetumia orodha yake ya miswada ya Kiafrika iliyoko Ujerumani, iliyotoka 1993, hawezi kukwepa kulijua la kwanza kwa sababu analihitaji la pili.

Mashairi ya zama za Wajerumani yana bahati nyingine. Velten aliyachapa baadhi katika vitabu na majarida, na mengine yalitoka katika magazeti ya Kiswahili ya wakati huo, kama Kiongozi la Tanga, ambako walimu na makarani waliosoma shule ya serikali walitungiana mafumbo na kusifu au kubeza wakubwa kwa lugha ya kujikinga. Mwaka 2002 Gudrun Miehe, Katrin Bromber, Said Khamis na Ralf Großerhode waliyakusanya katika kitabu kiitwacho Kala Shairi, chenye maelezo marefu juu ya kila mtungaji aliyeweza kufahamika. Kazi hiyo inaonyesha faida ya kurudi kwenye gazeti lenyewe. Shairi lililosimama peke yake katika diwani ni sanaa. Shairi hilohilo likirudishwa kwenye ukurasa wake, kati ya tangazo la kodi na habari za akida aliyehamishwa, huanza kusema lilikuwa linamjibu nani.

Na kuna Shaaban Robert. Kama Mrima una mtu anayeweza kuwekwa sambamba na Emerson, kwa insha na kwa mashairi, basi ni yeye. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akaajiriwa idara ya forodha akiwa kijana, akafanya kazi Pangani na kwingineko, akaishia ofisi za serikali za Tanga, na usiku akaandika. Alifariki Juni 1962. Vitabu vyake vinasomwa kila shule, na hiyo ndiyo inayowafanya watu wasahau kuuliza vilitoka wapi. Pambo la Lugha kilichapwa Johannesburg. Kufikirika alikiandika katikati ya miaka ya 1940 kikatoka 1967, mwenyewe akiwa kaburini miaka mitano. Kati ya mswada na kitabu kulikuwa na kamati, wahariri, na watu wa kusanifisha tahajia. Mtu anayetaka kusikia Shaaban Robert anavyoandika bila msimamizi, diwani hazimtoshi.

Jibu lilikuwa nyumbani. Kati ya 1931 na 1958 Shaaban Robert alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, naye Ulenge hakuzitupa. Hakuna wizara iliyomwagiza, wala mfadhili. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizichapisha chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Katika barua hizo mwandishi mkubwa ni kaka anayehangaika na familia na kazi, na mtungaji anayesubiri mchapishaji amjibu. Mambo ya kuudhi, mambo madogo. Na ndiyo yanayomrudisha mshairi kutoka kwenye picha ya ukutani. Karatasi za Mtoro zilisalia kwa kuwa serikali iliyomtesa iliweka nakala. Za Shaaban Robert zilisalia kwa kuwa ndugu alikuwa na adabu ya kutunza barua.

Watafiti wengi wanaokuja Bagamoyo siku hizi, wa ndani na wa nje, hufuata mpangilio uleule: picha ya Boma la Kijerumani la 1897, magofu ya Kaole, makumbusho ya misheni, kisha barua pepe kwa Berlin. Mpangilio huo ungefaa kugeuzwa. Orodha ya Allen ya 1970 ndiyo ya kwanza, mkononi, katika maktaba ya chuo kikuu. Baada yake Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako majalada ya zama za Wajerumani yaliyobaki nchini yapo, na magazeti ya zamani. Kisha misheni, na wenye nyumba za Bagamoyo, Pangani na Tanga ambao babu zao walikuwa walimu wa chuo, makadhi, makarani wa forodha. Huko mtu aende na salamu zake, akae, anywe kahawa, asianze na kamera. Berlin iwe ya mwisho, mtafutaji akiwa amekwisha kujua ni mswada gani anaoulizia na ni mkono wa nani anaotarajia kuukuta juu yake.